Kamera Nayo Ipumzike: Majibu kwa Wanaokwenda Bustani za Burudani

Likizo zikikaribia, maswali ninayoletewa hubadilika sura. Watu hawaulizi tena wanunue kamera gani. Wanauliza waliyo nayo waifanyeje katika siku nne au tano za bembea, foleni, gwaride na fataki, huku watoto wakiwavuta mkono. Haya ndiyo niliyoyaweza safari hii.

Nina kamera kubwa na lenzi tatu, mojawapo ni ile ndefu ya milimita 70-200, ya f/2.8. Tunakwenda siku tano. Nibebe zote? (Baba wa watatu)

Hapana, kaka. Hiyo 70-200 peke yake ina takriban kilo moja na nusu. Ongeza kamera yenyewe, lenzi mbili, maji ya kunywa, na masweta ya watoto ambayo ikifika saa nne asubuhi yatakuwa yameshahamia kwako. Hapo umebeba mtoto wa nne mgongoni, na kwenye bustani kubwa kutembea kilomita kumi na ushee kwa siku si ajabu.

Chukua lenzi mbili. Ya kwanza iwe zumu ya kazi zote: 18-135 ikiwa kamera yako ni ya kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), 24-105 ikiwa ni ya kihisi kikubwa. Hiyo ikae kwenye kamera tangu asubuhi. Ya pili iwe ndogo na nyepesi, kama 35 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi hupitisha mwanga mwingi zaidi), kwa ajili ya ndani na usiku. Badilisha mara moja tu kwa siku, jua likishazama, mkiwa mmekaa mezani mnakula. Kubadilisha lenzi katikati ya umati, kifuniko kikiwa mdomoni, lenzi kwapani na mtoto akiuliza choo kiko wapi, ndiko kunakoangusha lenzi. Nimeshuhudia moja ikidunda kwenye saruji. Mwenyewe hakusema neno. Aliinama tu, akaokota pete ya mbele iliyochomoka kama mtu anayeokota jino lake.

Najua hamu ya 70-200 inatoka wapi: gwaride. Unataka uso wa mchezaji ujae kwenye picha. Lakini ukiwahi nusu saa ukaketi mstari wa mbele, gwaride litapita mita mbili tatu kutoka magotini pako, na lenzi hiyo itakuwa ndefu mno. Utaishia kupata pua.

Wiki moja kabla ya safari, pakia begi kama utakavyolibeba, livae, uzunguke nalo saa mbili kwenye shughuli zako za kawaida. Vitu utakavyovitoa mwenyewe baada ya hapo sina haja ya kuvitaja.

Mume wangu anapiga picha tangu getini hadi tunafukuzwa. Safari iliyopita tulikuwa tunamsubiri yeye tu, watoto mpaka wakalia. Sitaki kumnyima raha yake, ila nimechoka. (Mama wa mapacha)

Dada, shemeji simlaumu sana, maana hata mimi nimewahi kuwa yeye. Tatizo ni kwamba kamera yake imepewa siku nzima. Mgawieni saa.

Asubuhi geti linapofunguliwa, mwanga ni laini na njia ziko wazi. Hapo hapo ndipo penye mgogoro, kwa sababu saa hiyo pia foleni za bembea kubwa ni fupi kuliko saa nyingine nyingi za siku. Huwezi kuvipata vyote viwili. Kama mna siku tano, mpe asubuhi moja awe mwenye nayo. Aingie mapema peke yake, au na yule pacha anayeamka na jogoo, nanyi mmfuate baada ya chai. Asubuhi nyingine zote kamera ikae begini mpaka mmeshapanda bembea ya tatu, bila mjadala.

Kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa jua liko utosini. Macho ya watu yanageuka mashimo meusi, kofia zinakata nyuso vipande viwili. Hizo ni saa za kula, kulala na kuingia kwenye maonyesho ya ndani. Akizidiwa na hamu, apigie kivulini.

Jioni kamera irudi kazini: nusu saa kabla ya jua kuzama, na ile nusu saa baada yake, anga likiwa la buluu iliyoiva na taa zimeshawaka. Mkubaliane kabisa kwamba dakika hizo ni zake, nawe hutamwita. Halafu usiku, fataki zikiisha, watu wote humiminikia getini kwa pamoja. Ninyi msiende. Tafuteni benchi, watoto watafune kitu, msubiri dakika thelathini au arobaini kama bustani inaruhusu. Ile barabara ambayo mchana ilikuwa vichwa vitupu itabaki na taa zake na wafagiaji wawili watatu. Hapo apige hadi aonyeshwe mlango.

Na akitembea, awe mbele. Mpiga picha anayebaki nyuma ya familia kazi yake ni kuomba: geukeni, simameni, rudini kidogo. Akitangulia hatua kumi kisha akageuka, anawakuta mnakuja, nyuso zinaonekana, mikono imeshikana, na hakuna aliyesimamishwa.

Lako wewe ni hili. Katika picha zote za safari ile, yeye yuko wapi? Mnyang'anye kamera mara mbili kwa siku.

Kila nikipiga picha mbele ya lile jumba kubwa la kifalme, mwanangu anatoka kama sisimizi. Kwa nini?

Kwa sababu umemtuma akasimame chini ya jumba, kisha wewe ukarudi nyuma kulitafuta jumba lote. Fanya kinyume. Mlete mtoto mita mbili kutoka kwako, chuchumaa hadi lenzi ifike kimo cha kifua chake, kisha songeni wote wawili mbali na jumba mpaka liingie nyuma ya bega lake.

Kuna sababu nyingine ya kutomweka ukutani. Majumba haya yamejengwa kulaghai jicho. Lile la Disneyland, California, lililofunguliwa mwaka 1955, lina kimo cha mita 23 hivi tu, lakini mawe na madirisha yake yanapungua ukubwa kadiri yanavyopanda, kwa hiyo ukilitazama kutoka mbali unaliona refu zaidi. Lenzi pana ukiwa karibu nalo inavuruga ulaghai huo, minara inainama kama imelewa. Ukirudi nyuma na kuvuta zumu kiasi, 50 hadi 70 hivi, jumba linasimama vile waliolibuni walivyotaka ulione.

Nikipanda rolakosta, kamera niiache wapi?

Popote isipokuwa shingoni. Kitu cha kilo moja kikichomoka kwenye mkanda katika mwendo ule kinaweza kumuua mtu aliye chini, na ndiyo maana wasimamizi hawana utani nalo. Katika bustani za Universal kule Orlando, kwa mfano, anayepanda bembea ya Hulk hupita kwenye kigunduzi cha chuma, na hata simu inabaki kabatini. Bustani nyingi zina makabati karibu na bembea kali. Mengine ni ya bure kwa muda wa foleni tu, ukichelewa unalipa, kwa hiyo soma maandishi mlangoni kabla hujafunga.

Wenye watoto wadogo wana njia nzuri zaidi. Uliza kama kuna utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanga foleni na kupanda, mwingine anabaki na mtoto asiyefikia kimo, kisha wanabadilishana na huyu wa pili hapangi foleni upya. Kamera inabaki na anayesubiri, naye akiwa pale chini anaweza kuwapiga walioko juu wakipiga mayowe. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde, na usiwakimbize kwa lenzi. Lenga kona moja ya reli, subiri gari lifike. Gari la kwanza litumie kujipima, la pili ndilo utakalolipata.

Lenzi yangu huingia ukungu kila asubuhi. Imeharibika?

Haijaharibika. Nakusimulia yangu. Nilitoka kwenye chumba ambacho kiyoyozi kilivuma usiku kucha, nje kukiwa na joto la unyevu, nikaichomoa kamera getini pale pale. Kioo kikawa kama cha bafuni. Nikakifuta kwa ncha ya fulana. Ukungu ukarudi kabla sijainua kamera, safari hii umechanganyika na mafuta ya kukinga jua niliyokuwa nimejipaka shingoni. Picha za wanangu wakiingia siku ile zinaonekana kama zimepigwa kupitia glasi ya maziwa.

Hewa ya joto ina mvuke, na mvuke ukigusa kioo baridi hugeuka matone. Kwa hiyo, kabla hujatoka chumbani, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ndipo uitie begini. Matone yatashika nje ya mfuko. Ikae humo nusu saa au zaidi, hadi ipate joto la nje, kisha ufungue. Kama ukungu umeshaingia, acha ukauke wenyewe, wala usitoe lenzi, maana unyevu huo utahamia kwenye kihisi. Mfuko uleule utakufaa kwenye bembea za maji. Na ukijipaka mafuta, futa viganja kabla ya kushika kioo.

Naweza kuingia na tripodi kwa ajili ya fataki?

Inategemea bustani, na kanuni hutofautiana sana. Walt Disney World ya Florida inakubali tripodi ndogo inayoingia kwenye begi la kawaida la mgongoni na isiyozidi futi 6 ikivutwa. Tokyo Disneyland hawataki tripodi kabisa. Vijiti vya selfi vilipigwa marufuku katika bustani za Disney za Marekani mwaka 2015. Soma kanuni za bustani unayokwenda ukiwa bado nyumbani, si getini.

Ukiruhusiwa: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, tundu f/8 hadi f/11, shata sekunde mbili hadi nne. Lenga taa ya mbali, kisha uzime ulengaji wa kujiendesha, la sivyo kamera itahangaika gizani kila fataki. Wahi fataki za mwanzo, kwa sababu moshi hujaa haraka, na simama upande ambao upepo unausukuma moshi mbali nawe. Usiporuhusiwa, egemeza kamera juu ya kingo ya ukuta au begi, tumia kuchelewesha kwa sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Na usiku mmoja kati ya hizo zote tazama kwa macho yako mwenyewe.

Flashi kwenye bembea za ndani, zile za magari yanayopita gizani?

Usiiwashe. Inamulika kisogo cha aliyekaa mbele yako, inafichua nyaya na mbao walizotumia giza kuzificha, na inawaharibia wote mlio nao. Fungua ile lenzi ndogo hadi f/1.8, ISO 3200 au 6400, shata 1/60, upige pale gari linapopunguza mwendo. Nyingi zitatoka na ukungu. Mbili zitatoka vizuri.

Nibebe betri ngapi, na kadi ya ukubwa gani? Nasafiri kwa ndege.

Betri tatu: moja kwenye kamera, moja mfukoni, moja kwenye chaja hotelini. Za akiba, pamoja na pawabenki, lazima uingie nazo ndani ya ndege. Kwenye mzigo unaokabidhiwa haziruhusiwi. Kiwango kisichohitaji kibali cha shirika ni saa-wati (Wh) 100 kwa kila moja, na betri za kamera ziko mbali chini ya hapo. Pawabenki ya mAh 20,000 ina saa-wati 74 hivi, nayo inapita. Ncha za chuma zizibe kwa utepe zisigusane na funguo.

Kadi: kwa kamera ya megapikseli 24, faili ghafi (RAW) ya picha moja ni MB 25 hadi 30, hivyo GB 64 inabeba takriban picha 2,000. Mimi huchukua ndogo kadhaa badala ya moja kubwa, kila siku na kadi yake. Iliyojaa inabaki kwenye sefu ya chumba, haitembei tena nami.

Mwaka juzi tulisahau kamera kwenye bembea, haikurudi. Kuna kinga? (Bibi wa wajukuu sita)

Pole, mama. Kabla ya safari andika kwenye karatasi namba ya simu na anwani ya barua pepe, kwa herufi kubwa, uipige picha. Iwe picha ya kwanza kabisa kwenye kila kadi. Wahudumu wa vitu vilivyopotea wanaweza kuiwasha kamera wakatafuta dalili ya mwenyewe, na kibandiko cha nje hubanduka kwa jasho. Ukifomati kadi, hata kama picha hiyo uliifunga isifutike, itaondoka, kwa hiyo karatasi yenyewe usiitupe. Ikunje uiweke ndani ya begi la kamera, na kila ukifomati uipige tena.