Mdogo wangu hataki nyumba ya baba iuzwe: nimshitaki au nimwachie?

*Shangazi, marehemu baba alituachia nyumba moja, mimi na mdogo wangu wa kiume. Nataka tuiuze tugawane fedha, kwa kuwa watoto wangu wawili wanakaribia kuingia chuo. Yeye anaishi humo tangu alipohamia kumuuguza baba miaka minne iliyopita, na hataki kulisikia neno "kuuza". Tumebishana mwaka mzima. Mwezi uliopita niliandika kwenye kundi la familia kwamba hawezi kuendelea kukaa bure, naye akajibu, "Uzeni, lakini mtanitoa nikiwa maiti." Hatujasemezana tangu siku hiyo. Nimshitaki au nimwachie? – Dada Mkubwa*

Mwanangu Dada Mkubwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja ambayo sikuiona, nayo ni ile inayoeleza kwa nini mdogo wako hataki nyumba iuzwe. Umenieleza namna anavyokataa, lakini sababu yake hukuiandika, na nadhani hukuiandika kwa kuwa huijui. Kwa mwaka mzima kila mmoja wenu amekuwa akirudia jibu lake, wewe "tuuze", yeye "hatuuzi", na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali.

Kuuza, mwanangu, si haja yako. Haja yako ni ada ya watoto, na nyumba ni njia mojawapo tu ya kuipata. Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu migogoro mapema katika karne ya 20, alisimulia siku alipokuwa katika chumba kidogo cha maktaba na mtu aliyetaka dirisha lifunguliwe, ilhali yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili, ambamo hapakuwa na mtu. Mwenzake alichohitaji ni hewa, wala si dirisha lile hasa, naye Follett hakutaka tu upepo umpige moja kwa moja. Wangegawana nusu kwa nusu na kuliacha dirisha wazi kidogo, naamini wote wawili wangebaki wakinung'unika.

Sasa tazama neno moja uliloliandika wewe mwenyewe: "bure". Katika barua hiyo hiyo umetaja, kwa kupita tu, kwamba alihamia humo ili amuuguze baba. Mtu aliyekesha kando ya kitanda cha mgonjwa, kisha akaambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba anakaa bure, hawezi tena kusikia habari ya ada wala ya mgawo. Anachosikia ni kwamba kazi aliyoifanya haikuonekana. Jibu lake kuhusu maiti lilikuwa kali kupita kiasi, sikatai, lakini mimi nalisoma kama jibu la neno lako, si la nyumba. Inawezekana nakosea, kwa kuwa nimesikia upande mmoja, na ndiyo maana yeye ndiye wa kuulizwa.

Muulize mkiwa wawili, wala si kwenye kundi, ambako kila anayejibu huwa analinda heshima yake mbele ya watazamaji. Anza kwa kuliomba radhi neno lile bila kuongeza "lakini". Kisha mwulize, "Nyumba hii ikiuzwa, wewe unapoteza nini?" na unyamaze, hata kimya kikikuchosha. Akimaliza, mrudishie alichosema kwa maneno yako mpaka akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Hapo ndipo umweleze haja yako kwa tarakimu na tarehe: ada ni kiasi gani, inatakiwa lini, na wewe umekwisha kupata kiasi gani. Huenda mkagundua kwamba anaweza kununua sehemu yako kwa awamu, kwa bei ya mthamini mliyemkubali wote, au kwamba vyumba kadhaa vinaweza kupangishwa na kodi ikaenda kwenye ada, au kwamba yuko tayari kuuza akipewa muda wa kutafuta pa kuishi. Mkikubaliana, andikeni na mtie saini mbele ya shahidi.

Sikuambii ujishushe wala uiache haki yako. Kabla ya kukutana naye, mwone wakili akueleze mahakama inaweza kuamua nini, kwa muda gani na kwa gharama gani, ili ujue ni makubaliano gani yanayofaa kukataliwa. Ujuzi huo kaa nao moyoni; ukiutoa kama kitisho, mtarudi kule kule kwenye kundi.

Na mkishindwa kuzungumza ana kwa ana, mtafuteni mtu asiye na faida katika nyumba hiyo. Huko Camp David, Marekani, kwenye mazungumzo ya amani ya mwaka 1978, Rais Sadat wa Misri na Waziri Mkuu Begin wa Israel waliishia kugombana walipokutanishwa, hata Rais Carter wa Marekani akalazimika kuwatenganisha na kupeleka rasimu kwa huyu na kwa yule. Ilichukua siku 13, na mkataba wa amani ulitiwa saini mwaka uliofuata.

Kwa hiyo usimshitaki sasa, na usimwachie. Mpigie simu wiki hii, na katika simu hiyo ya kwanza usiitaje nyumba. Asipopokea, mwandikie yeye peke yake: "Nilisema unakaa bure, na nilikosea. Naomba nije tukae wawili, nikusikilize kwanza."

Wako,
Shangazi