Lenzi ya Yongnuo 50mm inayotoa picha zenye ukungu: kioo au fokasi?

Usiirudishe dukani Luthuli, Nairobi, bado. Ukungu kwenye f/1.8, lenzi ikiwa wazi kabisa, mara nyingi ni fokasi, si kioo. Bandika gazeti ukutani, kamera kwenye stendi ikitazamana nalo sawasawa. Piga ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia cha kamera, kisha kwa skrini ya nyuma, ambako fokasi inasomwa na sensa yenyewe. Rudia mara tano hivi, kila mara ukianza na fokasi imevurugwa, kwa sababu mota yaweza kusimama mahali tofauti. Za skrini zikiwa kali na za kitundu hapana, lenzi inalenga mbele au nyuma ya gazeti: kamera ya Canon 80D ina marekebisho ya hilo kwenye menyu, 700D haina. Ila kona moja tu ya picha ikibaki na ukungu hata kwa f/4, lenzi ikiwa imebanwa kidogo, vioo vya ndani vimekaa upande. Hiyo kabadilishe.