Lori lilipita, gunia langu likabaki

Wiki hii mmeuliza: maradhi yanapoenea hadi nchi ikafungwa, chakula hupotelea wapi kwanza, shambani au mezani? Mimi ni mkulima wa Wundanyi, Taita, Kenya, na kwa niliyoyaona wakati wa korona mwaka 2020 najibu kwamba hupotelea njiani.

Huku milimani tunalima kabichi, nyanya, sukuma wiki na hoho, na soko letu kubwa ni Kongowea, Mombasa. Mwezi wa Aprili, kafyu ikiwa tayari imeanza, Serikali ilikataza watu kuingia au kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Malori ya chakula yaliruhusiwa, kwa hiyo ukiisoma ile amri utadhani mboga hazikuguswa. Lakini mwenye robo eka hana lori. Ana magunia mawili, matatu, nayo husafiri juu ya keria ya matatu au ndani ya buti ya basi, mwenyewe akiwa amekaa kitini pamoja na abiria wengine. Abiria alipozuiwa, gunia lake lilizuiwa naye, ingawa hakuna aliyelitaja. Wenye malori wakapanda mlimani na bei zao, na ilikuwa kuzikubali au mboga zioze.

Kabichi zangu nyingi zililiwa na ng'ombe. Wakati huohuo mpwa wangu, mhudumu wa hoteli kule Mombasa, alirudishwa nyumbani bila mshahara, maana ndege za kimataifa zilisimama tangu mwisho wa Machi hadi Agosti 1 na wageni wakaisha. Alinipigia simu kuomba pesa ya unga. Sina, nikamwambia, nina mboga. Kati yetu palikuwa na kilomita kama 200. Simu ile inaniuma mpaka leo.

Shule nazo zilikuwa zimefungwa: zilizokuwa zikinunua maharagwe yetu hazikununua tena, na mtoto aliyekuwa akila mlo wake wa mchana darasani akarudi kwenye sufuria ya nyumbani.

Amri ya kutoingia wala kutoka Mombasa iliondolewa Julai 7. Watu walifurahi, hata mimi. Ila mbegu na mbolea hununuliwa kwa pesa ya mavuno yaliyopita, na yangu hayakuwa na pesa. Mvua za vuli nilipanda nusu ya shamba. Njaa ya namna hii huja baadaye, wakati magazeti yameshaacha kuandika, na ndiyo maana naomba kaunti zetu, zikipanga kwa ajili ya janga lijalo, ziandike vibali vya mizigo midogo pia.

Sisi tulijipangia wenyewe mwezi wa Juni. Majirani kumi na mmoja tulichanga tukakodi pikapu. Kibali kilikuwa na jina la dereva tu, basi kila mmoja akafunga gunia lake kwa kitambaa cha rangi yake, ili mnunuzi wa Kongowea ajue amtumie nani pesa. Langu lilikuwa na kipande cha leso nyekundu.