Ukitega Mbu Ahero, Anza na Pua Yake

Ninyi mnaoanza kazi ya kukusanya mbu huku Kisumu, siku ya kwanza mtaonyeshwa mtego wa taa: balbu ndogo, feni chini yake, mfuko wa neti na betri. Wengi hutoka hapo wakiamini kwamba mbu wa malaria anafuata mwanga. Mimi pia niliamini hivyo, na msimu wangu wa kwanza wote nilikuwa nikitafuta nyumba zenye giza bila kuuliza ni nani analala ndani.

Utundike mtego huo kwenye chumba kitupu, asubuhi utakuta mbu wachache mno. Utundike karibu na miguu ya mtu aliyelala ndani ya neti, kama mita 1.5 kutoka sakafuni, na mambo yanabadilika. Anayemwita mbu ni yule mtu. Pumzi yake ina kaboni dioksidi, na mbu jike huifuata akiruka kinyume cha upepo. Akisogea karibu, harufu ya ngozi, joto la mwili na unyevu humwelekeza. Neti inamzuia, anazungukazunguka akitafuta mwanya, na hapo ndipo taa na feni humpata.

Harufu ya miguu isidharauliwe. Mwaka 1996 watafiti Bart Knols na Ruurd de Jong waliandika kwamba Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wanaoeneza malaria, huvutiwa na jibini ya Limburger, ile inayonuka kama vidole vilivyoshinda ndani ya viatu. Bakteria wa jibini hiyo ni jamaa wa karibu wa wale wanaoishi kwenye miguu yetu.

Kwa hiyo asubuhi, kabla hujaandika idadi, kaa kidogo na mama mwenye nyumba. Muulize: aliyelala hapa alikuwepo usiku kucha? Alijipaka dawa ya kufukuza mbu? Kulikuwa na moshi wa jikoni? Ng'ombe walifungwa wapi? Swali hili la mwisho lina uzito sana Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, kwa sababu Anopheles arabiensis, jamaa wa gambiae, huwaonea ng'ombe hamu kama anavyowaonea watu. Fahali akifungwa nyuma ya ukuta, pumzi yake nayo inaita. Sifuri isiyo na maelezo hayo ni namba tu.

Mikono yako na vifaa vyako navyo vinanuka. Wakati mmoja tulipakia mifuko ya mitego kwenye gari moja na pampu za dawa ya kupulizia kuta. Siku tatu mfululizo mbu wote tuliowapata walikuwa wamekufa na kukauka, hata wale walioingia alfajiri, na kazi ya siku hizo ilibidi itupwe. Mimi ndiye niliyepakia. Tangu hapo mifuko yangu ina sanduku lake, na siku ya kutega sijipaki manukato.

Mkifika maabara, msiharakishe kwenye hadubini. Mtazame Anopheles jike kichwani: pembeni mwa mrija wa kunyonyea kuna palpi mbili, ndefu karibu sawa na mrija wenyewe. Kwa jike wa Culex, jamii nyingine ya mbu, ni fupi. Wengi hukariri tofauti hiyo kwa ajili ya kutambua jamii ya mbu na kuishia hapo, ilhali palpi hizo ndizo zinazonusa kaboni dioksidi ya pumzi yako. Vipapasio vya dume navyo vina manyoya mengi kama brashi. Kwa vipapasio hivyo husikia mlio wa mabawa ya jike. Dume hanyonyi damu.

Jambo moja la mikono, ambalo hakuna aliyenieleza mapema. Asubuhi funga shingo ya mfuko kwanza, ndipo uzime feni. Feni ikisimama kabla mfuko haujafungwa, walio hai hupanda juu na kutoka, na wanatokea kwenye chumba ambamo watoto bado wamelala.