Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Matofali Usio na Saruji

SWALI: Mhariri, mimi ni mwashi hapa Bungoma, na kazi yangu ni matofali ya kuchoma. Nimeona picha ya nyumba ndogo ya karne ya 18 katika mashamba ya Uingereza. Kila tofali linaloonyesha ubavu, yaani upande wake mrefu, hufuatwa na linaloonyesha kichwa, yaani upande wake mfupi, na vichwa kadhaa ni vyeusi. Je, huo ni urembo tu? Na ukuta huo umeshikwa na nini, kwa kuwa nasikia saruji haikutumika?

JIBU: Ndugu mwashi, mpangilio huo, ambao Waingereza huuita kwa jina la Flanders, eneo la Ubelgiji, unatokana na unene wa ukuta. Ukuta wa namna hiyo hauna uwazi katikati. Unene wake ni urefu wa tofali moja, takriban sentimita 22, na kila tofali lililoonyesha kichwa limelazwa kutoka nje hadi ndani ili kuzifunga safu mbili, ya nje na ya ndani, zisiachane.

Vichwa vyeusi bila shaka umewahi kuvitoa tanurini mwako: ni vya matofali yaliyokaa karibu na moto wa kuni hadi uso wake ukayeyuka na kung'aa kama kioo. Waashi wale hawakuyatupa, bali waliuelekeza nje upande ulioungua, wakapata mapambo bila kununua rangi. Huo ni ustadi ninaouheshimu sana.

Kilichoshika ukuta ni chokaa iliyochanganywa na mchanga, na hapa ndipo ningependa usome kwa makini. Chokaa ni laini kuliko tofali, hivyo jengo likitikisika kidogo, chokaa ndiyo inayoachia, na unyevu ulioingia ukutani hutoka kupitia viungo, yaani nafasi zilizojazwa kati ya matofali, na kukauka. Wengi waliozikarabati nyumba hizo baadaye walijaza viungo kwa saruji, unyevu ukakosa njia isipokuwa kupitia tofali lenyewe, na majira ya baridi yalipougandisha, nyuso za matofali zikabanduka. Bungoma haigandi, lakini mvua zetu ni nyingi, na chumvi inayobaki ndani ya tofali maji yanapokauka huweza kulimomonyoa vivyo hivyo. Basi ukikabidhiwa jengo kuukuu la matofali, kwaruza kiungo kwa msumari kwanza. Kikiwa cheupe na kikipukutika kwa urahisi, yaelekea ni chokaa, nawe uirudishie chokaa.