Sufuria kulala juu ya jiko: majibu kwa wasomaji

Safari hii barua nyingi zimeuliza jambo moja: vyombo vya kupikia kubaki juu ya jiko baina ya mlo na mlo. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Assalamu alaykum bibi. Naishi ghorofani Michenzani, jikoni kwangu padogo na kabati sina. Sufuria ya wali na kikaango hushinda juu ya jiko la gesi. Mavyaa akija husema nimeolewa sikufundwa. Niviweke wapi?

Waalaykumu salaam, mwanangu. Viache hapo hapo. Chombo unachokitumia asubuhi, mchana na usiku hakina haja ya kupandishwa na kushushwa kabatini, hata angekuwa nalo mtu kabati. Ila kiwe kitupu, kiwe safi na kiwe kikavu. Ukoko uliogandia chini na masizi yanayochafua mkono ndivyo vinavyomuudhi mavyaa, na hapo ana haki yake.

Ukishaosha, usiifudikize sufuria ikiwa ina maji. Mvuke hubaki ndani, na asubuhi utakuta harufu ya uvundo. Ikaushe kwanza kwa kitambaa, ndipo uifudikize kuzuia vumbi, mende na mijusi. Ukimaliza kupika funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko peke yake, maana sufuria ikisukumwa huweza kugusa swichi ya jiko.

Mimi niko Wete. Chuma changu cha chapati nikikiosha usiku, asubuhi kina kutu. Nimekihamisha kutoka jikoni hadi chumbani na bado. Nikitupe?

Usikitupe, dada yangu. Chuma cha aina hiyo hurithishwa mjukuu.

Visiwani kwetu upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi ikitua juu ya chuma hushika unyevu wa hewa, na kutu haihitaji zaidi ya maji na hewa. Chumvi huiharakisha tu. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ina maji mengi kiasi kwamba chuma ulichokifuta kwa kitambaa huwa bado hakijakauka. Kwa hiyo kukihamishia chumbani hakukusaidii. Kinachotakiwa ni kukivisha ngozi ya mafuta.

Sugua kutu yote kwa kumbi la nazi na mchanga mkavu, mpaka uone rangi ya chuma chenyewe. Kioshe, kisha kirudishe motoni mpaka maji yaishe kabisa, hata kwenye ukingo. Kikiwa bado moto, tia mafuta kidogo kwenye kitambaa ukipake mbele, nyuma na ubavuni. Halafu chukua kitambaa kingine kikavu ufute mafuta hayo mpaka chuma kionekane kama hukukipaka kitu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mafuta yakizidi, utando unanata na kukusanya vumbi. Kiweke moto wa wastani mpaka kianze kutoa moshi, kikae kama dakika kumi hivi, zima, kipoe hapo hapo. Rudia mara tatu au nne. Kitageuka cheusi, na chapati haitagandia.

Najua Pemba mafuta yaliyo karibu ni ya nazi, nami nayapenda kwa kupikia. Lakini kwa kazi hii mafuta ya alizeti ni bora, kwa sababu yakipata moto juu ya chuma hugeuka utando mgumu, na ya nazi hayagandi hivyo. Baada ya hapo, kila ukimaliza chapati kifute, kipashe moto kidogo, kiache juu ya jiko. Hakuna mahali pengine penye joto na ukavu kama hapo. Usikipikie ukwaju wala ndimu; uchachu huo hula ule utando wote.

Shikamoo bibi. Kwetu mchuzi wa jodari wa ukwaju hupikwa mchana, unabaki kwenye sufuria ya alumini juu ya jiko, unapashwa usiku. Wali nao hivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani kilichobaki kwenye futari tunakila daku. Kuna ubaya? Mama anasema ukichemsha tena umeua kila kitu.

Marahaba, mwanangu. Ubaya upo, na swali lako nalipa nafasi kuliko mengine yote, kwa kuwa haya ya kutu na ukoko ni ya chombo tu, hili ni la matumbo ya watoto.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida la chumbani. Vijidudu hupenda joto la baina ya nyuzi 5 na 60, na jikoni kwetu mchana wa kaskazi ni humo humo. Kutoka futari hadi daku ni saa nane au zaidi.

Mama yako, Mungu amuweke, yuko sahihi nusu. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha ndani ya chakula haiondoki. Kwenye wali kuna kijidudu ambacho mbegu zake huvumilia hata kuchemka. Wali ukikaa na uvuguvugu mbegu huamka, zikazaana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo moto wa jikoni hauiwezi. Jodari naye, na vibua pia, wakikaa kwenye joto hutengeneza kitu kinachowasha mdomo, kuufanya uso kuwa mwekundu na kichwa kuuma, mtu akadhani samaki kamdhuru kwa mzio. Hicho nacho hakitoki kwa kupikwa. Wala usingoje kunusa: mara nyingi chakula huwa hakijachacha na sumu imo.

Mwenye friji, atandaze wali kwenye sinia upoe upesi, na mchuzi autie kwenye vibakuli vidogo, kisha vyote viingie ndani kabla saa 2 hazijapita. Usiingize sufuria nzima ya moto. Katikati yake hukaa na joto muda mrefu. Asiye na friji apike cha kuliwa mara hiyo, na cha daku akipike daku. Najua ni kazi kwa anayeamka usiku, na najua bei ya gesi na makaa. Uji mwepesi au mayai na mkate havichukui muda.

Na sufuria yenyewe: alumini ina ngozi nyembamba inayoilinda. Ukwaju na chumvi vikilala humo huitoboa, ndiyo vile vitundu vidogo unavyovihisi ukipitisha kidole chini. Pika humo ukitaka, ila pakua.

Chungu cha udongo je, kinaweza kubaki juu ya seredani?

Kinaweza, bila kifuniko. Udongo hunywa maji, kwa hiyo ukikifunika kabla hakijakauka kitaota ukungu ndani. Usikioshe kwa sabuni, kwani nayo hunywewa na kutoka kwenye mchuzi wa kesho. Na usikiweke kikavu ghafla juu ya makaa makali, kitapasuka.

Maji yaliyobaki ndani ya birika tangu usiku, nichemshie chai?

Ni bora umwage, utie mapya. Ule weupe uliogandia ndani ni chokaa: maji ya visima vyetu Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe. Chemsha maji yenye ndimu mbili, yaache saa moja, utausugua utoke.

Nimeletewa kikaango kisichogandisha. Nacho kikae juu ya jiko?

Kikae, lakini kisije kuwashiwa moto kikiwa kitupu ukakisahau. Utando wake ukipita nyuzi 260 huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya, ambao huua hata ndege wa kufugwa aliye ndani ya nyumba. Usikipandikie sufuria juu bila kitambaa katikati.

Nina mtoto wa miaka miwili, anavuta kila kitu. Jiko langu ni la mezani na mtungi uko chini.

Basi kwako wewe, dada, jibu ni jengine. Juu ya jiko lako pasikae kitu kwa sasa, hata kitupu, kwani mtoto hajui lipi ni tupu na lipi lina mafuta ya moto. Ukipika, mkono wa kikaango uelekee ukutani, na sufuria yenye mchuzi iwe kwenye moto wa nyuma. Meza isiwe na kitambaa kinachoning'inia. Mtungi ufungwe kila baada ya kupika. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutanda sakafuni, anapochezea mtoto. Ukisikia harufu yake usiguse swichi ya taa wala kiberiti. Mchukue mtoto utoke, na kama uko karibu na mtungi ufunge, fungua mlango na madirisha upepo upite.