Maswali ya Wasomaji: Mita Ikinyamaza, Kifaa ni Safi?

Barua za mwezi huu zimetoka maabara, yadi ya skrapu, hospitali na ghala, zote za hapa Nairobi. Kila mmoja anauliza kwa namna yake jambo lilelile: nitajuaje kwamba kitu hiki hakina uchafu wa mionzi? Jibu la maabara ni refu kuliko mengine kwa sababu huko ndiko kwenye mitego mingi.

SWALI: Hamjambo wahariri. Maabara yetu ya utafiti inahamia jengo jingine na tunataka kupiga mnada friza mbili, friji, sentrifuji na mashine kadhaa kuukuu. Zamani zilitumika kwa kazi za vitu vya mionzi: tritiamu, kaboni-14, fosforasi-32 na iodini-125. Tumepitisha mita ya Geiger juu ya kila kitu na haikupanda hata kidogo. Tubandue vibandiko vya mionzi tuuze? *Fundi wa maabara, Upper Hill*

JIBU: Msiuze bado, na vibandiko viacheni palepale.

Mita ya Geiger haioni tritiamu. Beta ya tritiamu, yaani chembe inazorusha, ni dhaifu mno: nguvu yake haizidi keV 18.6 (keV ni kipimo cha nguvu ya chembe), hewani huishia milimita 6 hivi, na haiwezi kupenya utando wa maika uliofunika mdomo wa kichwa cha mita. Unaweza kumwaga tritiamu mezani na mita ikaendelea na mapigo yake yaleyale 50 kwa dakika ambayo hutoka kwenye mazingira. Iodini-125 nayo hutoa miale dhaifu ambayo karibu yote hupita ndani ya Geiger bila kunaswa. Hiyo huhitaji kichwa chenye fuwele nyembamba ya sodiamu iodaidi. Kaboni-14 huonekana kwa shida: kichwa bapa cha kawaida, chenye eneo la sentimita mraba 15, hunasa takriban 5 katika kila 100. Inayojitangaza yenyewe ni fosforasi-32 peke yake, na kwa kuwa nusu-uhai wake (muda wa kupungua nusu) ni siku 14.3, ya mwaka juzi imekwisha.

Kwa hiyo anzeni na madaftari. Andikeni kila kifaa kilishika isotopu (aina ya kitu cha mionzi) gani na mara ya mwisho lini. Iodini-125 hupungua nusu kila siku 60, hivyo baada ya siku 600 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Tritiamu (miaka 12.3) na kaboni-14 (miaka 5,730) hazitaisha mkizingoja, na hizo ndizo za kuwindwa.

Kisha chukueni mifuto. Tumieni karatasi chujio ya mviringo ya milimita 47, iliyoloweshwa kidogo kwa maji au ethanoli. Futeni eneo la sentimita 10 kwa 10 kwa mkono wa wastani, kila mfuto na glavu safi, na namba ya mfuto iandikwe kwenye mchoro wa kifaa kabla hamjagusa sehemu inayofuata. Karatasi iingie kwenye chupa ya sampuli, imiminiwe kimiminika cha sintilesheni (kinachotoa mwanga kikipigwa na mionzi, na mashine ikauhesabu), kisha ikae gizani usiku kucha. Usiku huo una sababu yake. Mabaki ya sabuni na dawa hufanya kimiminika kitoe mwanga wa kikemia ambao mashine huuhesabu kama mionzi, na ukipima papo hapo utapata tritiamu ambayo haipo. Pimeni pia karatasi safi isiyofuta kitu, ndiyo ya kulinganishia.

Matokeo yasomwe hivi. Kanuni za kimataifa za usafirishaji huanza kuita uso umechafuka unapozidi bekereli 0.4 (bekereli ni mvunjiko mmoja wa atomu kwa sekunde) kwa sentimita mraba kwa beta na gama (miale ipenyayo sana), na 0.04 kwa vitu vingi vinavyotoa alfa (chembe nzito zinazozuiwa kirahisi). Tukishika 0.4, na tukikubali kama ilivyo desturi kwamba mfuto hubeba sehemu moja ya kumi ya uchafu unaobanduka, karatasi yenu itakuwa na bekereli 4, yaani mivunjiko 240 kwa dakika. Mashine yenye ufanisi wa 40% itasoma mapigo 96 kwa dakika juu ya karatasi safi. Kikomo chenu halisi ni kile kilichomo kwenye leseni yenu. Kama hakimo, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya (KNRA), iliyoundwa na sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya Bodi ya Kinga ya Mionzi, ndiyo ya kuulizwa kabla ya mnada.

Mfuto hauoni uchafu ulionywewa na rangi au mpira. Kwa kaboni-14 hapo mita hurudi kazini, lakini polepole. Kichwa kiende sentimita 2 au 3 kwa sekunde, kikiwa nusu sentimita hadi moja kutoka kwenye uso, na sikio lifuate mlio, maana mshale huchelewa. Mazingira yakipiga 50 kwa dakika ni pungufu ya pigo moja kwa sekunde; anayefagia kwa mkono wa haraka humaliza doa zima kati ya pigo na pigo. Mlio ukisongamana popote, simama hapo.

Hata kusimama kuna hesabu yake. Kwa mazingira ya 50 na kipimo cha dakika moja, kidogo kabisa unachoweza kukitambua kwa uhakika ni 2.71 ujumlishe 4.65 mara kipeuo cha pili cha 50, yaani mapigo 36 juu ya mazingira. Kwa kaboni-14 na kichwa hicho, hayo ni karibu bekereli 0.8 kwa sentimita mraba. Anayetafuta 0.4 kwa kipimo cha dakika moja basi hajapima kitu. Akikituliza kichwa dakika 10, na mazingira akayapima dakika 10 vilevile, hufika 0.24. Tunawasihi muandike hesabu hii kwenye ripoti, kwa sababu neno "haikuonekana" bila kiwango cha kuonekana halimsaidii atakayenunua friji hiyo akaweka maziwa ya watoto.

Mahali pa kufuta: mpini wa mlango, mpira wa mlango, na sinia la nyuma ya friji ambalo maji huvukizwa, ambalo karibu kila mtu hulisahau. Kwenye sentrifuji, ni chini ya vikombe, ndani ya rota na mfuniko. Friza msiiyeyushe kwanza. Barafu ya kutani yaweza kuwa na maji ya tritiamu, na mkiiyeyusha mnaipeleka sakafuni na kwenye bomba. Chukueni mililita moja ya maji yake muipime kama mfuto. Pampu ya vakyumu ikiwepo, pimeni oili yake.

Halafu mtego mkubwa kuliko yote. Kama kati ya hizo "mashine kadhaa" kuna ile ya kupimia sintilesheni, nyingi zake zina chanzo kidogo ndani kwa ajili ya kujisahihisha: sesiamu-137, bariamu-133, radiamu-226 au yuropiamu-152, kutegemea aliyeitengeneza. Kimezungukwa na madini ya risasi, hivyo mita nje yaweza kunyamaza kabisa. Mashine ya kromatografia ya gesi iliyopima mabaki ya dawa za wadudu nayo huenda ina kinasa chenye nikeli-63, ya nusu-uhai wa miaka 100 hivi, ambayo beta yake haitoki nje ya chuma. Vyanzo hivyo hutolewa na mtu mwenye leseni, na kuna karatasi ya makabidhiano. Haviendi mnadani.

Kifaa kikipita vyote, hapo ndipo vibandiko hubanduliwa, na vyote, hata kile cha chini ya rafu. Alama iliyobaki kwenye kifaa safi huwazoesha watu kuipuuza.

SWALI: Habari mhariri. Nina yadi ya skrapu Kariobangi. Kijana ameniletea kopo la chuma dogo lakini zito ajabu, ndani naona kama madini ya risasi, na lina alama ya feni iliyofifia kwenye rangi ya manjano. Nimelipima kwa programu ya simu haikusema kitu. Nilikate nitoe risasi? *Mnunuzi wa vyuma chakavu*

JIBU: Ndugu yetu, usilikate, usiligonge, usilifungue, na usilipakie kwenye gari kulipeleka popote. Liache lilipo, toa watu wote umbali wa mita 30, zuia njia, kisha piga simu polisi na KNRA. Programu ya simu hutegemea kamera. Haikuambii lolote unaloweza kulitegemea.

Alama hiyo ya feni ya mapanga matatu ndiyo alama ya mionzi. Tangu 2007 vyanzo vikubwa vina nyingine pia, pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, lakini vitu vikuukuu havina. Risasi ndani ya kopo ndiyo kinga yenyewe: ikiwa bado nzima, kilichomo kinaweza kuwa kimefungiwa salama, na ni msumeno wako ndio utakaokifungua.

Mnamo Septemba 1987 mjini Goiânia, Brazili, waokota vyuma walitoa kichwa cha mashine ya tiba kwenye kliniki iliyohamwa. Kikavunjwa, na unga wa sesiamu-137 uliong'aa buluu ukagawiwa majirani na jamaa. Watu 4 walikufa, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Meksiko, kobalti-60 ya mashine ya tiba iliyouzwa kama skrapu Ciudad Juárez iliyeyushwa ikawa nondo za ujenzi. Iligunduliwa Januari 1984 tu, lori lililobeba chuma hicho lilipopita kwenye mitambo ya kupima ya Los Alamos, Marekani.

Waliolishika kopo wanawe mikono kwa maji na sabuni bila kusugua ngozi, wasile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa, na majina yao yaandikwe. Mtu akitapika leo, au mikono ikiwa myekundu na kutoka malengelenge siku au wiki zijazo kana kwamba imeungua na hakugusa moto, aende hospitali na amwambie daktari habari ya kopo kabla ya kuulizwa. Daktari asiyeambiwa atatibu kidonda cha kawaida.

Na atakayekuja na mita aiwashe akiwa mbali, akaribie akiitazama. Baadhi ya mita za Geiger zikikutana na mionzi mikali ghafla huzidiwa na kurudi sifuri, na sifuri hiyo inaua. Umbali ndio kinga yako ya bure: kutoka mita 1 hadi mita 2 mionzi ya chanzo kidogo hushuka hadi robo.

SWALI: Salaam. Katika idara yetu ya tiba kwa nyuklia, mita haitulii kwa sababu wagonjwa waliodungwa teknetiamu (dawa ya mionzi ya uchunguzi) wamekaa chumba cha pili. Tutapimaje meza na sinki? Na choo cha mgonjwa wa iodini-131 tukioshe kwa Jik? *Muuguzi, Nairobi*

JIBU: Tukianza na la pili, dada: Jik hapana, wala asidi yoyote. Vyote viwili huigeuza iodini kuwa mvuke, na kilichokuwa sakafuni kinaingia kifuani mwako. Tumia maji, sabuni, na mmumunyo wa sodiamu thiosalfeti, ukifuta kutoka pembeni kuelekea katikati ya doa, kila karatasi mara moja tu.

Kuhusu meza, pale ambapo gama ya wagonjwa inafunika kila kitu, futa kwa karatasi ukapime mfuto chumba kingine. Au pimeni asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kichwa cha mita kivisheni nailoni nyembamba, mkibadilisha kila kikao. Teknetiamu na iodini zitaonekana bado, ila kwa alfa nailoni hiyo hupofusha kichwa, msiizoee huko. Kama usomaji wa mazingira haurudi chini mkiondoka chumbani, shukuni nailoni, kisha glavu zenu.

Doa la teknetiamu-99m lisilobanduka lifunikeni kwa plastiki na tepu, mwandike tarehe na saa. Nusu-uhai ni saa 6. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60, nusu-uhai kumi. La iodini-131 huhitaji siku 80 kwa hesabu hiyohiyo.

SWALI: Mtambo wa kupima mionzi getini kwetu Industrial Area umelilia lori la vigae. Dereva anasema ni uongo. Ni nani mkweli? *Msimamizi wa ghala*

JIBU: Pengine wote wawili. Vigae, matofali ya tanuru, granaiti na mbolea ya potasiamu vina mionzi ya asili, na vijiti vya kulehemu vya tangsteni vyenye ncha nyekundu vina thoriamu. Mvua kubwa nayo hushusha mabaki ya radoni (gesi ya mionzi itokayo ardhini) na kupandisha mazingira kwa saa chache.

Mteremshe dereva kwanza umpime peke yake. Aliyepimwa hospitali kwa teknetiamu jana, au aliyetibiwa tezi kwa iodini wiki iliyopita, huliza mtambo akiwa na lori tupu. Akiwa safi, zunguka lori kwa mita ya gama. Mzigo wa asili husoma karibu sawasawa mwili mzima wa lori. Usomaji ukipanda kwa ghafla mahali pamoja na kushuka pande zote, usipakue; hilo ni suala la yule ndugu wa Kariobangi, na hatua ni zilezile.